Sindano ya Buba

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha punde, na lori la kutoka Kisarawe lilitupakia juu ya magunia ya chumvi. Kijana mmoja alikuwa akimnong'oneza mzee asiyemjua. Watu humpa mgeni siri zao, wakasahau kwamba lori lina abiria wengine.

"Mzee wangu, nilikwenda kwenye ngoma ya mkole, ya kumcheza mwali, kule Marui, nikalala na mwanamke hata jina simjui. Nikatokwa na kidonda huku chini, hakiumi. Kimekauka, lakini moyo hautulii, maana nina mke nyumbani."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Ya nini? Utotoni nilijaa vidonda mwilini, nikachomwa sindano ya buba. Aliyechomwa ile, kaswende haimpati."

Kwetu pia kila mtu alijua hivyo.

"Hata mimi nilichomwa," mzee akasema. "Kidonda changu kikakauka kama chako. Mke wangu akawa anajifungua watoto wafu. Nikamzungusha kwa waganga, mwisho nikamwacha, nikisema ana mkosi."

"Labda kweli alikuwa nao."

"Mkosi nilimpelekea mimi; daktari alinipima baadaye, akaikuta kaswende. Kukauka si kupona, mwanangu. Nenda hospitali, na mkeo umpeleke."

"Nimwambie nini, mzee? Mimi nimepona!"

Lori likasimama Msimbu. Chini, kando ya njia, alikuwa akisubiri mwanamke kijana, tumbo limemtangulia, akamchekea mumewe. Kisha akamwinulia uso yule mzee mgeni.

"Shikamoo, baba."

Badala ya marahaba, mzee akamshika kijana bega: "Mpeleke leo hii, kabla hajajifungua."