Kaveke, Mama Aliyetengeneza Watu wa Waya

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kasikeu, Mutomo, Kilungu na kwingineko, nashukuru kwa kuniwashia redio. Leo namkumbuka Kaveke Mutie. Alituacha juma lililopita, akiwa na miaka sabini na nne. Kaveke Mutie, msanii ambaye hakuwahi kufundishwa sanaa na mtu yeyote. Wengi tulimwogopa. Mimi nilimwogopa.

Kwa miaka thelathini alifanya kazi mochari, huko Kitui. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Alipostaafu alirudi Kasikeu, akaanza kutengeneza watu. Ndiyo, watu. Mwili wa waya, nguo za gunia, uso wa udongo na mkaa. Aliwasimamisha uani, wakiangalia barabara. Walifika ishirini na saba. Watoto walizunguka njia ndefu wasiwaone. Mimi, mtu mzima, nilikuwa nikipita pale nikitazama chini.

Mwaka wa 2022 mjukuu wake Yvonne, anayesomea filamu Nairobi, alimletea projekta ndogo. Wakaziba madirisha kwa blanketi mchana, Yvonne akamwonyesha filamu za ajabu. Moja haikuwa na hadithi wala maneno. Ilikuwa mikwaruzo tu, na uso wa mzee unaopotea na kurudi. Nyingine ilihusu fundi mmoja aliyechonga nyuso kwenye kila mlango wa nyumba yake, na majirani wakasema ana wazimu.

Yvonne, ambaye humwita nyanya yake Susu, anakumbuka hivi: "Susu alinishika mkono mpaka ukauma. Akasema, 'Zima. Huyu anaona vile mimi naona.' Tukakaa gizani kidogo. Halafu akaniambia, 'Washa tena.'"

Baada ya hapo wakaanza filamu yao, kwa simu ya Yvonne. Ndani yake Kaveke anakaa kando ya kila sanamu, anaieleza. Sisi majirani hatukujua.

Mwaka uliofuata, watoto wawili wa kijiji walifariki kwa homa ndani ya wiki moja. Maneno yakaanza. Eti ni zile sanamu. Jumamosi asubuhi tulikwenda kwake, watu kama sitini, na petroli. Wasikilizaji wapendwa, nasema tulikwenda. Sikubeba petroli. Lakini sikumzuia mtu.

Kaveke akatoka nje. Akasimama mbele ya sanamu zake. Kivuva, baba wa mtoto mmoja, alikuwa mbele na mtungi.

"Mwaitu, mama yetu, songa kando," akamwambia. "Tunachoma hawa mashetani wako."

"Si mashetani, mwanangu. Ni watu. Niliwaosha, nikangoja jamaa zao waje kuwachukua. Hawakuja. Wakazikwa bila jina. Nyuso zao zimekataa kutoka kwa macho yangu. Hata mimi nawaogopa. Lakini naogopa zaidi kuwasahau."

Nduku, anayeuza mboga sokoni, alikuwa amesimama mbele ya sanamu moja yenye kovu mdomoni. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Huyu alikuwa amevaa nini?"

"Sweta ya kijani. Kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Nduku akakaa chini mchangani. Kiwiko kile alikishona yeye. Kaka yake, Nzioka, alitoka nyumbani mwaka wa 2004 kutafuta kazi, hakurudi.

Kivuva akaweka mtungi chini. Tukaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha. Nami sikuomba.

Nduku alimpeleka kaka yake, ile sanamu, kwao Kilungu kwa mkokoteni na pikapu, akamzika. Filamu ya Kaveke ilionyeshwa mara moja, katika ukumbi wa kanisa. Wengine walitoka kabla haijaisha, na siwalaumu. Tangu hapo familia mbili zimekuja kutafuta watu wao pale uani. Moja ilimpata mtu wake, ikaondoka naye. Ile nyingine, kutoka Mutomo, ilirudi mikono mitupu.

Jana nilikwenda. Waliobaki ni ishirini na tano. Bado niliogopa, lakini nilisimama mbele ya kila mmoja.

Yvonne, na familia yote ya Mutie, poleni sana. Mungu awashike. Nilichelewa kumwambia nyanya yako neno hili, kwa hiyo nakuambia wewe: nisamehe.

Nawe unayenisikiliza, huenda yuko jirani anayekutisha kwa sababu hujui anachofanya. Nenda kwake leo, mikono mitupu. Muulize.