Otilia Eustace Mushi (1978–2025), Aliyebaki Dirishani

Dada yetu mpendwa Otilia, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Bagara, Babati, tarehe 9 Machi 1978, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eustace Mushi na Mama Xaveria. Sisi wadogo zake alitulea kwa mkono mmoja na kutuchapa kwa mwingine, na yote mawili tunamshukuru.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa Babati, kisha akahitimu stashahada ya uhasibu jijini Arusha mwaka 2002.

Mwaka 2003 aliajiriwa na benki ndogo ya hapa mjini, akahudumu dirishani hadi ugonjwa ulipomzidi. Wenye maduka aliwashauri wafungue akaunti ya hundi, wakulima akaunti ya akiba. Alikuwa akisema benki isiyo na amana za wananchi hulazimika kukopa kwa benki kubwa kwa riba kali, na anayekuja kuumia ni mkopaji wa hapa kwetu Maisaka.

Siku moja Mzee Yoakimu wa Singe, aliyekuwa ameweka akiba mwezi mmoja nyuma, alirudi akitaka kuziona noti zake alizozifunga kwa kitambaa chekundu.

"Shikamoo, baba," Otilia alimwambia. "Zile tumeshamkopesha mtu, amenunua mbegu za alizeti. Ukihitaji, tutakupa nyingine."

"Kumbe nimewakopesha ninyi?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana tunakupa na faida kidogo."

"Sasa mbona mdaiwa ndiye anayenipangisha foleni?"

Otilia alicheka hadi meneja akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Nickson, fundi umeme. Walijaliwa watoto wawili, Kindness na Hope. Shemeji alizoea chakula kilichopoa, maana wateja walimfuata mkewe hadi nyumbani.

Januari 2024 aligundua uvimbe kwenye titi, akapewa rufaa ya kwenda hospitali Moshi mwezi wa pili. Wiki ya safari ukaenea uvumi sokoni kwamba benki inafungwa. Watu wakajaa, kila mmoja akitaka fedha zake zote. Hazikuwapo zote ndani, wala hakuna benki inayokaa nazo zote. Zilikuwa mashambani na madukani kwa waliokopa. Shemeji alimsihi apande basi.

"Baba Kindness," alimjibu, "nikionekana stendi na begi wiki hii, watasema hata Otilia amekimbia. Nani atabaki?"

Akakaa dirishani, akimweleza mmoja mmoja kwa upole. Foleni ikapungua, benki ikapona. Lakini kila tulipomkumbusha safari alisema, acha wateja warudi kwanza. Alikwenda Moshi mwezi Agosti, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kindness alipomuuliza kwa nini hakwenda mapema, alisema, "Mwanangu, nilidhani kuna muda."

Alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 14 Januari 2025, alfajiri, mama yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mume, watoto wawili na wadogo watatu. Wengi mliokuja hapa akiba zenu zilisalimika kwa sababu yake, nasi tunawashukuru kwa kutufariji. Ila tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: tuna uchungu. Asubuhi hii benki imefungua milango kama kawaida. Sisi wa nyumbani tungekubali ifungwe, abaki yeye.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo hapa duniani hakujipa. Amina.