Historia ya Mdogo Wangu Rula, Aliyeacha Mizani Akafuata Mawimbi ya Redio

Ndugu, majirani na marafiki, nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ni dada yake marehemu na ndiye mkubwa niliyebaki, elimu yangu ni ya shule ya msingi, basi nikikosea neno la kitaalamu wenzake wa kazini wavumilie, watanisahihisha tukishazika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa mwisho wa baba mpaka rangi na mama muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na jina la Rula alilipata kabla hajajua kusoma, maana hakuweza kupita mlangoni akaacha viatu vya wageni vimekaa upande, lazima avipange mstari, hata kama mgeni mwenyewe amesimama anavingoja.

Alianza shule ya msingi Januari 1972, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi alikohitimu elektroniki Novemba 1986, akiwa msichana peke yake darasani, na wavulana wote walinakili michoro yake kwa sababu ndiyo pekee iliyosomeka.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kiwanda cha mizani, kazi yake kusanifu bodi za saketi, yaani ule ubongo unaokaa ndani ya mzani, na tarehe 5 Desemba 1992 aliolewa na mwoka mikate, yule pale aliyeinamisha kichwa, anajua ninakoelekea, wakajaliwa binti mwaka 1994 na mvulana mwaka 1997.

Mwaka 2005 mzani wake mpya ukawa unaruka kilo tatu bila kitu juu yake, kila mlinzi wa geti alipoongea kwenye redio yake ya mkononi, wakubwa wakasema mlinzi asimame mbali, basi yakaisha, lakini kwa Rula hayakuisha, alikaa mezani mpaka uji ukapoa, akaniambia, "Dada, kuna kitu kinapita hewani kinanivurugia kazi, na mimi sikijui hata kwa sura." Tarehe 1 Septemba, na miaka yake 41, aliacha cheo cha mkuu wa kitengo, akaanza upya kwenye karakana ya redio za magari ya wagonjwa, kwa majaribio ya miezi sita, chini ya bosi aliyemzidi umri kwa miaka kumi, nikamwambia amerukwa na akili, mumewe akasema yeye alioa mtu, hakuoa cheo.

Miezi ikakaribia kuisha na redio yake ya kwanza inapiga mluzi tu, bosi akamwambia, bila ubaya, "Mama, Jumatatu ikipiga mluzi tena, nadhani mizani inakuhitaji kuliko sisi," wakati kule kwenye mizani nafasi yake ilishakaliwa na mtu. Jumapili mchana akaileta nyumbani, akagundua ukigusa kona moja ya bodi mluzi unakoma, akanichukua kidole changu akakiweka pale, akasema, "Usitoe, Dada," na mumewe akatumwa mtaa wa pili, kwenye tanuri lake la mikate, aongee kwenye redio nyingine bila kunyamaza.

Shemeji akahesabu moja mbili tatu, akasoma maandishi ya mfuko wa unga, kisha maneno yakamwishia, nikasikia, safi kabisa, "Sijui niseme nini tena, haya, huyu shemeji yangu alisema anakuja siku mbili, leo wiki ya tatu, sukari haikai, na ule mdomo wake ungefaa kukatia mbao," nami nimenaswa pale, nikienda kumjibu sauti inapotea, mdogo wangu anacheka mpaka machozi huku akiichungulia bodi. Ndipo alipoliona kosa lake, nyaya alizipanga ndefu, zimenyooka, kama alivyozoea kwenye mizani, kumbe kwenye redio, alivyonieleza, waya mrefu unaanza kurusha na kunasa mawimbi wenyewe, akaivunja mistari yake mizuri, akavibananisha vipuri kama tulivyobanana hapa, akalehemu upya kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akawasha, shemeji bado alikuwa hajamaliza habari zangu, Rula akasema, "Toa kidole, Dada." Nikatoa, na kila neno likaendelea kusikika, sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Jumatatu bosi alisikiliza, akamkabidhi ufunguo wa kabati la vipimo, na Rula alibaki pale, mwishoni akiwa mhandisi mkuu wa mawimbi ya redio, mpaka alipostaafu tarehe 14 Agosti 2024.

Figo zilianza kumsumbua Novemba mwaka huo, na tarehe 6 Aprili 2025 tulimpeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, dereva akaita kule mbele kwa redio, akajibiwa safi, Rula akanifinya mkono, "Umesikia, Dada? Hakuna kidole." Alifariki tarehe 3 Mei, saa mbili asubuhi, amelala amenyooka, kama mnavyomjua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kufundishwa urefu wa nyaya za mashine zao na mgonjwa, majirani mlioleta viti, ingawa mmevipanga ovyo, na wenzake wa kazini, hasa bosi wake wa zamani, aliyekuja na mkongojo wake na akakataa kukaa.

Shemeji, nimekuja kwa siku mbili, ficha sukari.

Pumzika kwa amani, Rula, kidole nimetoa, nasi bado tunasikika.