Filamu Iliyonifunga Mdomo

Wapendwa, mnisamehe nikikosea maneno. Nimezoea kuongea gizani, watu wakiangalia televisheni, si mimi.

Wengi mnanijua kwa ile nyumba ya video, ile ya kulipia filamu, nyuma ya soko hapa Machakos. Filamu zilikuwa za Kizungu na Kichina, wateja hawaelewi, kwa hivyo mimi nilikuwa nashika maiki natafsiri. Sasa ukweli ni huu: hata mimi sikuwa naelewa. Niliishia darasa la saba, na Kichina haikuwa kwa mtihani. Nilikuwa nabuni tu. Mtu akipigwa teke, nasema amekula chapati ya mwenyewe. Watu wanacheka, na kichwa yangu inafura.

Niko na dada yangu mkubwa. Ndiye alinilea mama alipofariki, akiuza nyanya hapo sokoni. Akapata mchumba, mbuzi za ntheo zikaletwa nyumbani, zile za kuanza kuomba mke. Baada ya miezi mitatu jamaa akabadilisha nia, wazee wake wakarudi kuchukua mbuzi zao. Dada hakulia mbele ya mtu. Alifagia tu pale zilikuwa zimefungwa.

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo wiki nilikuwa nimeishiwa na utani. Kwa filamu ya karate jamaa mmoja akaruka ukuta, nikasema kwa maiki, "Huyu amekuja kuchukua mbuzi zake. Msichana amemshinda." Watu walicheka mpaka benchi ikavunjika. Kesho yake, sokoni, watu walikuwa wanamwita dada "mee, mee" kama mbuzi. Siku ya tatu akafunga vitu vyake, akaenda kwa shangazi huko Ndithini. Mimi aliniambia neno moja tu: "Endelea."

Nikaendelea. Mniangalie vibaya, ni sawa. Nilikuwa nakula ugali peke yangu kwa nyumba imenyamaza, halafu naenda kuchekesha watu.

Siku moja mchana tukaweka filamu hakuna mtu alikuwa ameiona. Ni ya mwandishi. Anakaa mezani anaandika juu ya jirani yake, mwanamke mmoja, na vile anaandika ndivyo tunaona. Mwanamke anaingia na nguo nyekundu. Mwandishi anafuta. Mwanamke anaingia tena, sasa nguo ni kijani. Wateja wakaanza, "Kanda imeharibika, toa hiyo!" Hata mimi niligonga mashine mara mbili. Kisha nikashika: hii filamu inatuonyesha vile stori hutengenezwa. Inajua ni filamu. Ilinipendeza mpaka nikasahau kubuni.

Halafu yule mwanamke akatoka kwa stori, akavuta kiti mbele ya mwandishi, akamwuliza kwa Kiingereza rahisi, ile ya darasa la nne: "Kabla uniandike, uliniuliza?"

Mwandishi akaweka kalamu chini. Na maiki ilikuwa kwa mkono yangu.

"Wewe, amesema nini?" mtu akaniita.

"Amesema, uliniuliza?"

"Sasa hiyo inachekesha wapi?"

"Haichekeshi. Hata ile ya mbuzi haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa ya dada yangu, na hakukosea mtu."

Jumamosi nikaenda Ndithini. Dada alikuwa anapukuchua mahindi.

"Umekuja kuchukua stori ingine? Hapa tuko na kuku tu."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nani amekutuma?"

"Filamu."

Akanisukumia mahindi. "Nisimulie. Na usiongeze kitu."

Wapendwa, sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo. Nilipofika kwa swali la yule mwanamke, nilishindwa kumwangalia.

"Na mwandishi alifanya nini?"

"Aliacha ukurasa bila kuandika."

"Huyo ako na akili kuliko wewe."

Alirudi baada ya mavuno. Namshukuru shangazi, aliyemweka bila kumwuliza maswali. Nashukuru wamama wa soko, walimwekea nafasi yake. Na vijana wenzangu, kabla uchekeshe watu na maisha ya mtu, muulize. Hata huu ushuhuda nilimsomea dada jana. Alisikiza yote, akatoa sehemu moja. Ndiyo inachekesha kuliko zote, na hamtaisikia.