Ukuta Uliomwitikia Mlingoti

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mlingoti kwa sababu zilizoonekana tangu mbali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Akiwa na miaka sita alifungua redio ya baba yake ili amwone msomaji wa taarifa. Hakumkuta.

Alihitimu ufundi umeme mwaka 1980. Walimu waliandika kwamba ni mwerevu, ila anagusa kila kitu.

Kugusa kukawa ndiyo kazi. Alibuni vitu vya kuchezewa na wapita njia: sakafu ya soko iliyowaka ikikanyagwa, benchi la bustani lililonong'ona ukilikalia. Hakuwahi kuweka kibao cha maelezo. Alitaka watu wagundue wenyewe.

Mwaka 1987 alimwoa mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti pacha. Mama mkwe aliuliza, "Kazi yake hasa ni nini?" Bado anauliza.

Mwaka 1993 alijenga ukuta wa mabomba katika stesheni ya treni. Mtu akipita, mabomba yanaimba kwa kufuata mwendo wake. Siku ya uzinduzi wakubwa walipita, yakaimba. Pacha mdogo akapita: kimya. Akarudi: kimya.

"Baba, ukuta wako una maringo. Unaitikia watu wazima tu."

Marehemu alikuwa ametega vitambuzi, vile vinavyohisi mtu akipita, kwenye kimo cha kifua chake mwenyewe. Kesho yake mkewe alimkuta stesheni akitembea kwa magoti, abiria wakimpisha kwa heshima.

"Baba Pacha, umepoteza nini?"

"Urefu, mama."

Alivishusha vitambuzi vyote, akavijaribu kwa magoti mpaka suruali mbili zikaisha.

Mwaka 2021 uti wa mgongo ulianza kumsumbua, ukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Akagoma kutoka nyumbani. Hakuogopa watu wangemwonaje. Aliogopa kazi zake zisingemwona kabisa. Mkewe alilijua hilo bila kuambiwa.

"Twende tukajaribu," alisema Juni 2023. "Si ndiyo kazi yako?"

Akamsukuma taratibu mbele ya ukuta. Mabomba yakaimba. Akaomba arudishwe, yakaimba tena. Mara ya tatu, alisema, ilikuwa kwa ajili ya utafiti.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 2024. Ameacha mjane, mabinti pacha, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mama mkwe mwenye swali. Mwenye nafasi ampitishe stesheni akajibiwe.

Apumzike kwa amani. Sisi tuendelee kugusa.