Mlango wa Mzee Gaudensi

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Katibu wa Chama. Ndugu Stefano, Mwenyekiti wa kijiji chetu. Padri na Maalimu, mliokubali leo kukaa kwenye mkeka mmoja. Wageni waalikwa mliotoka Mtwara mjini, na ninyi mliokanyaga matope kutoka Kitaya. Wazee wangu, mama zangu, ndugu wananchi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na wale walio nyuma kabisa, pale penye mikorosho, wajue nimewaona.

Mimi ni Felista, muuguzi wa zahanati. Nimetakiwa nieleze kwa nini nyumba hii ya vyumba vinne ya wasiojiweza imejengwa, na kwa nini kikundi kilichoijenga, Kikundi cha Majirani, kilianzishwa na mwanamke muuza ng'onda, samaki wa kukausha, ambaye hakuna aliyemtuma. Nitajaribu. Ila mniwie radhi nikienda polepole, maana mambo yale kila nikiyakumbuka hunijia kama ndoto.

Mnakumbuka masika yetu ya kwanza hapa, baada ya kuhama bondeni? Nyumba zimenyooka, barabara pana, kila ukuta unanukia udongo mbichi, na kule chini Ruvuma umejifunika ukungu mpaka ng'ambo imepotea, kama vile dunia ilikuwa inaishia kwenye matete. Tulikuwa na shule, tulikuwa na kisima kipya, tulifurahi. Lakini ni nani kati yetu aliyejiuliza nyumba zinazofanana hivi zinakuwaje kwa mtu asiyeona?

Mzee Gaudensi alikuwa haoni. Mkewe alikwisha kufa, watoto wake walikuwa wamevuka mto wakati wa vita vya ng'ambo na hawakurudi. Kule bondeni aliishi peke yake bila kumsumbua mtu, kwa kuwa miguu yake ilikijua kila kisiki. Hapa alipewa nyumba nzuri, akapotea. Aliingia kwa watu akidhani ni kwake, watu wakacheka. Akaacha kutoka nje. Kisha akaacha kula. Asubuhi moja tukakuta chumba chake kitupu, na mto unapanda.

Aliyempata ni Bi Mwanaamina, huyo muuza ng'onda, mama yetu wa Mikindani aliyeolewa huku akafiwa na mume huku, yule pale anayeinamisha uso kwa sababu namtaja. Alimkuta kwenye lililokuwa boma lake, ameegemea mlango, maji yamefika vifundoni.

"Babu, maji yanakuja. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, mwanangu."

"Nyumba imeshaanguka, babu. Umebaki mlango tu."

"Basi huo huo. Kule mlikonipeleka kila mlango ni mgeni kwangu. Huu nikiugusa, najua niko wapi."

Aliuchonga mwenyewe, ndugu zangu, siku za uposa wake, wakati macho yake bado mazima: samaki wakipanda upande mmoja, majani ya mhindi yakishuka upande mwingine. Wengine tungemshika mkono tukamvuta. Bi Mwanaamina alikaa chini, ndani ya maji yale, bega kwa bega na yule mzee. Halafu akamuuliza, "Nikikuletea mlango huu kijijini, utakuja?" Mzee alipapasa samaki wake mmoja mmoja, ndipo akasema, "Nitakuja," akakubali kushikwa mkono hadi zahanati akausubiri huko.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa yako niseme na hili. Amri ilikuwa mtu asirudi bondeni kuchukua kitu. Bi Mwanaamina alikufuata ofisini, ukamwambia, "Mama, leo tukifuata mlango, kesho watu watafuata mashamba, na kijiji kitabaki ukuta mtupu." Tuliokuwepo tuliogopa, maana siku zile mtu kuitwa mpinga kijiji halikuwa jambo dogo. Naye akakujibu kwa upole kabisa: "Ndugu Mwenyekiti, mzee huyu tumemhamisha mwili tu. Naomba tumalizie kumhamisha."

Ndugu Stefano akavua koti lake akalitundika kitini, akauliza, "Mlango wenyewe ni mzito?"

Ndugu wageni, laiti mngeuona ule mlango ukija! Sisi tuliosimama huku juu hatukuwaona wabebaji, ukungu ulikuwa umewameza. Tuliona mlango peke yake ukielea juu ya matete, samaki wake wakiyumba taratibu kama wamerudi majini, mpaka ulipokaribia ndipo tukaona chini yake wanawake sita na Mwenyekiti wa kijiji.

Tuliupachika jioni ile ile. Mzee Gaudensi akaletwa kutoka zahanati. Akaupapasa kutoka juu hadi chini, akaingia, akajifungia. Sote tulibaki tumesimama nje. Kisha mlango ukafunguka, akatoka uso unang'aa, akasema, "Mbona mmesimama nje? Karibuni ndani."

Hapo ndipo Kikundi cha Majirani kilipozaliwa. Wale wanawake sita, Bi Mwanaamina akiwa kiongozi wao, hawakutawanyika. Walianza kwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja, "Nini kimekushinda?" Palipokuwa hapana maji waliteka, palipovuja waliezeka, wakati wa mavuno kila mmoja alitenga bakuli lake la mtama. Mzee Gaudensi alifariki mwaka jana, kitandani pake, ameshiba, mikono ya majirani ikiwa kichwani pake.

Nimalizie na jambo ambalo Bi Mwanaamina hakutaka nilitaje. Macho yake nayo yameanza kuzimika. Tulimwomba achukue chumba kimoja humu, akakataa: "Mimi si wa kusaidiwa." Tukamrudia, akakataa tena. Juzi, Bibi Rozalia, ambaye miguu yake haiendi na ambaye amelishwa na mama huyu tangu kikundi kianze, alijikokota mpaka mlangoni kwake akamwambia, "Umenilisha miaka yote hii bila kuniuliza kama nataka. Na mimi sikuulizi. Kitanda chako nimeshakitandika."

Bi Mwanaamina, simama mama. Shika mkono wa Ndugu Mkuu wa Wilaya, mkaifungue nyumba yako.

Nawashukuru wote kwa kunitegea sikio. Ahsanteni sana.