Tekla Sylvester, Aliyepika Uji wa Shule Jikoni Kwake

Ndugu waombolezaji, mliowahi viti na mliokaa kwenye magogo, familia inawasomea maisha ya Tekla Sylvester kama yalivyokuwa, na atakayesikia neno limeongezwa atusahihishe tukishazika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Igalula, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sylvester na Mama Recheli, akabatizwa katika Kanisa la Moravian mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza 1976 na kumaliza la saba 1982, hesabu akizijua kuliko kaka zake wote, lakini hakuchaguliwa kwenda sekondari, akashika jembe katika shamba la tumbaku la baba. Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na Erasmus, fundi wa njia ya reli, mtu mpole aliyekula alichopewa, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Valentino anayeishi Kaliua na Eustadia mliyemwona akiwapokea, naye Erasmus akafariki 2011.

Tarehe 11 Januari 1999 marehemu aliajiriwa kuwa mpishi wa shule yetu ya msingi, na kwa miaka ishirini na mitano alipika uji wa saa nne, kila mtoto akija Jumatatu na ukuni wake mmoja, wala hakuna aliyerudi kwao na njaa, ingawa waliosema uji hauna sukari walijibiwa wakanywe wa mama zao.

Mwanzoni mwa 2024 likaja agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia ziache kuni na mkaa, kwa kuwa nchi imeahidi mbele ya mataifa kulinda misitu na kupunguza moshi, jambo ambalo marehemu hakulipinga, maana miti ya utotoni mwake aliiona yote ikiishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Tarehe 19 Machi shule ikaletewa jiko la gesi na mitungi miwili mikubwa, ngoma zikapigwa, tarehe 27 Mei gesi ikaisha, bei ya kujaza ikawa imepanda, tukaambiwa tusubiri bajeti, na tunaisubiri mpaka leo.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele, nyumba nyingi hapa zikawa zinakula mara moja kwa siku, na kwa watoto wengi mara hiyo moja ilikuwa uji wa shule. Unga ulikuwepo stoo, moto ndio haukuwepo. Watoto wawili walipoanguka mstarini wiki moja, marehemu akamwendea Mwalimu Mkuu Revocatus, akaambiwa, "Mama Valentino, moshi ukionekana hapa, mimi kazi sina," naye akajibu, "Mwalimu, agizo linasema taasisi, mimi si taasisi, mimi Tekla, nipe unga."

Kuanzia Jumatatu tarehe 8 Julai 2024 akawapikia watoto mia nne na kumi na wawili jikoni kwake, kijumba cha udongo chenye dirisha la ukubwa wa sahani, akipikia ndani kwa sababu nje angeonekana, akipika kwa awamu sita kwa sababu sufuria za shule hazikupita mlangoni, wazazi wa zamu wakibeba ndoo, na kijiji kizima kikijua na kunyamaza, wakiwemo wanaolia kwa sauti kubwa leo. Dada yake alimwambia, "Moshi huu utakuua," akajibiwa, "Na watoto wauawe na njaa?"

Januari 2025 akaanza kukohoa, zahanati wakamtibu homa ya mapafu mara tatu, wakampima kifua kikuu, hana. Tarehe 11 Septemba walikuja wakaguzi, wakakuta jiko la shule linang'aa, wakaandika kwamba shule haichomi hata ukuni mmoja, na hilo lilikuwa kweli, wakamvalisha marehemu aproni nyeupe na kumpiga picha kando ya mitungi mitupu, akakibana kikohozi mpaka gari likaondoka, shule ikapewa cheti.

Tarehe 2 Desemba tulimpeleka hospitali Tabora mjini, daktari akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi, akasema, "Baba, tumbaku nimeilima, sijaivuta," akaonywa asirudi kwenye moshi, lakini shule zilipofunguliwa Januari 13 alirudi, siku ya tatu akaanguka penye mafiga, akafariki Alhamisi tarehe 22 Januari 2026, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompa oksijeni, majirani waliochota maji ya msiba huu, na walimu, ambao jana jioni walikuja kuuliza kama Eustadia anaweza kushika nafasi ya mama yake, kwa kuwa watoto hawajanywa uji tangu marehemu alipoanguka. Familia ilikaa, ikajibu kwamba haiwezi, na asubuhi hii Valentino amelibomoa lile jiko la udongo la mama yake. Unga upo stoo, mitungi ipo, watoto wapo, na kinachokosekana wenye kukileta wamekaa hapa viti vya mbele.

Tekla, pumzika kwa amani, zamu hiyo umeimaliza wewe, na hatuirithishi.